Sebule ya Nyumba Inayouzwa: Itengeneze Kabla Mnunuzi Hajabisha Hodi



Kuuza nyumba si jambo la furaha kila mara. Wengi wetu huuza kwa sababu ya karo au deni la hospitali, ama watoto wamehamia mjini na mzee amebaki peke yake. Kwa hiyo tunauza kwa haraka, na mwenye haraka hukubali bei yoyote. Leo tuzungumze juu ya chumba kimoja tu, yaani sebule, au "sitingirumu" kama wengi wanavyoiita. Hapo ndipo mgeni huketishwa, na hapo ndipo bei huanzia.

Mwaka wa 2018 mama mmoja wa kikundi chetu alitaka kuuza nyumba ya vyumba vitatu karibu na soko, kuta za udongo zilizopigwa lipu na paa la mabati. Mumewe alikuwa amelazwa. Mnunuzi wa kwanza alipofika alikuta sebuleni magunia manne ya mahindi, baiskeli, vifaranga chini ya meza, na kiti kikubwa cha sofa kimeziba dirisha. Hakuketi hata dakika tano. Alitaja bei isiyofika hata ile ya ploti tupu iliyo kando. Kumbe nyumba yenyewe haikuwa mbaya. Yule bwana alikuwa ameona shida ya mwenye nyumba, akajua atakubali chochote.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda watu tisa, kama tunavyokwenda kulimiana.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutoa vitu. Magunia yakapelekwa kwa jirani, vifaranga vikajengewa kibanda. Viti vya sofa vilikuwa saba. Tukaacha vitatu na meza moja ndogo. Msitoe vyote, kwa maana chumba kitupu huonekana kidogo, tena mgeni atakosa pa kuketi mkizungumza bei. Vile vilivyobaki tukavisogeza ili mtu aweze kutoka mlangoni hadi dirishani bila kuzunguka. Mapazia yakafuliwa, na vioo vya dirisha vikapanguswa ndani na nje.

Shida ilikuwa picha za ukutani. Zilikuwa nyingi: harusi, ubatizo wa watoto, kalenda za miaka iliyopita. Mnunuzi anataka kuona mahali atakapoweka vitu vyake, na ukuta uliojaa jamaa za watu wengine unamfanya ajione mgeni. Lakini mama alishika picha ya harusi akakataa. Wengine walisema lazima itoke. Mimi nilionelea kwamba picha moja haidhuru mtu, ikabaki.

Halafu ukuta. Mahali penye koroboi na moshi, masizi hupanda mpaka kwenye dari, na chumba huwa na giza hata saa sita mchana. Rangi ya dukani ni ghali, lakini chokaa inatosha. Nunueni chokaa ya ujenzi. Ile ya shambani, ya kupunguza asidi ya udongo, mara nyingi ni mawe yaliyosagwa tu, nayo haishiki ukutani. Lowekeni chokaa kwa maji usiku mmoja, kisha ongezeni maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa, na chumvi kidogo ili ishike. Kwanza sugueni masizi yatoke, mlowanishe ukuta, ndipo mpake kwa brashi, safu nyembamba mara mbili au tatu, kila moja ikauke kabla ya nyingine. Ikiwa mbichi utadhani hujapaka kitu, lakini ikikauka inakuwa nyeupe. Haishiki juu ya rangi ya mafuta. Tena chokaa huunguza macho na ngozi, basi watoto wakae mbali.

Sakafu ya saruji isuguliwe, kisha ipakwe polishi nyekundu. Ya udongo ikandikwe upya kwa kinyesi cha ng'ombe siku mbili tatu kabla, ili ikauke na harufu iishe.

Sasa nataka niseme jambo ambalo wengine hawatalipenda. Kwenye pembe moja ya sebule ile kulikuwa na alama ya maji. Mmoja wetu akasema, "Tupake chokaa tu, nani ataona?" Hapana. Kupaka juu ya paa linalovuja ni kumwibia mtu, na mvua ya masika itawaumbua mbele ya kijiji kizima. Tulimwita fundi akabadilisha misumari iliyolegea na kuziba matundu, ndipo tukapaka. Vivyo hivyo kwa njia za mchwa: kuzikwangua na kunyamaza si kutengeneza. Na ufa mkubwa ambao huna pesa za kuurekebisha, mwonyeshe mnunuzi mwenyewe. Akiuona baada ya wewe kunyamaza, hataamini hata yale ya kweli uliyomwambia.

Mgeni aje mchana, wakati mwanga unaingia. Fungua madirisha mapema harufu ya mafuta ya taa itoke. Mbwa afungwe. Mpe chai, lakini mtu mmoja ndiye azungumze. Wanakikundi kumi wakisimama mlangoni wakimsifia nyumba, atashuku tu. Akitaka kwanza picha kwa simu, panguseni kioo cha kamera, simameni kwenye pembe, na mwanga utoke nyuma ya mpigaji.

Kabla ya hayo yote, ulizeni kama nyumba inaweza kuuzwa. Chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, mume hawezi kuuza nyumba ya familia bila idhini ya mkewe, wala mke bila ya mumewe. Shamba la kilimo linahitaji pia idhini ya bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe katika miezi sita baada ya mapatano. Bila hizo, chokaa yenu ni bure.

Mama yule aliuza kwa mnunuzi wa tatu, mumewe akiwa amekubali. Haikuwa bei ya ndoto, lakini ilizidi ile ya kwanza kwa mbali, na deni la hospitali likalipwa. Ugomvi mdogo ulitokea siku ya kuhama: mnunuzi alidhani mapazia na kabati ni vyake. Kwa hiyo siku hizi tunaandika kwenye karatasi, mbele ya mashahidi wawili, kila kitu kinachobaki sebuleni na kila kitu kinachoondoka.