Fedha ya Korosho Inalala Wapi?

Novemba ikiingia, Tandahimba na Newala, mkoani Mtwara, hazilali. Malori yamepanga foleni nje ya maghala, pikipiki mpya bado zina nailoni kwenye viti, na fundi wa kuezeka bati hapatikani hata kwa kubembelezwa. Rudi Mei uone. Mikorosho inadai palizi, salfa inasubiriwa kupuliziwa, mtoto anahitaji sare, na ndani hakuna kitu. Huo ndio wakati kangomba anapobisha hodi.

Watu wa Kusini wanalijua neno hilo vizuri. Kangomba hununua korosho nje ya mfumo rasmi, na mara nyingi hutoa pesa taslimu kabla mti haujatoa hata ua, kisha msimu ukifika huchukua kilo zake kwa bei ya kutupa. Biashara hiyo imepigwa marufuku na mizigo imekamatwa barabarani, lakini bado inaendelea. Sababu yake haijifichi: kangomba ni mkopeshaji. Anamfikia mkulima mwezi ule ule ambao mkulima hana mwingine wa kumkimbilia, na wala haulizi hati ya nyumba.

Fedha yenyewe Mtwara ipo. Tangu msimu wa 2007/08 korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, AMCOS, mzigo unakwenda ghalani, mnada unafanyika, na malipo yanapita benki mpaka kwenye akaunti yake. Katika miezi michache mabilioni ya shilingi hupita katika matawi ya mkoa huu. Ila benki kubwa hukusanya amana popote na kukopesha panapoonekana pana usalama zaidi. Fundi seremala wa Nanyamba hana hesabu zilizokaguliwa wala kiwanja chenye hati, kwa hiyo amana ya jirani yake inaweza kwenda kujenga ghorofa Dar es Salaam kabla haijamnunulia yeye randa ya umeme.

Pwani nako kuna kalenda yake. Kuanzia Mikindani hadi Msimbati, kijiji kilichomo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, wanawake wanaotafuta pweza huhesabu siku kwa mwezi wa angani. Maji ya bamvua yakitoka, mwamba unabaki wazi na pweza anapatikana. Maji mafu yakiingia, hakuna kitu. Mkopo unaotaka marejesho kila wiki, ile mikopo ambayo mtaani imeitwa kausha damu, humkuta mama huyo katika maji mafu mara mbili kila mwezi.

Wananchi wenyewe wamejitengenezea dawa, nayo ni kikoba. Mkeka unatandikwa chini ya mwembe, sanduku la chuma linaletwa, na wanachama watatu wanatoa funguo tatu, kila mmoja na kufuli yake. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Hisa zinanunuliwa, muhuri unagongwa kwenye kitabu cha mwanachama, faini ya mchelewaji inatumbukizwa kwenye bakuli, na kila mtu anasikia hesabu ikitajwa kwa sauti. Deni la hapo hulipwa, maana mdaiwa na mdai huteka maji kisima kimoja. Lakini kikoba kina ukomo. Kwa kawaida mtu hukopa hadi mara tatu ya hisa zake, na mwisho wa mwaka kikoba kinavunjwa, kila mtu anachukua chake. Kwa mtindo huo mtaji wa unga na mafuta ya kukaangia unapatikana. Friza la kuhifadhia pweza au injini ya boti ni habari nyingine.

Upande wa pili ipo fedha ya umma. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali ilisimamisha mikopo hiyo kwa sababu ya marejesho mabovu na vikundi hewa. Iliporejeshwa mwaka 2024, halmashauri 10 zilichaguliwa kujaribu kuipitisha benki, Mji wa Newala ukiwa mojawapo. Ni hatua nzuri, ingawa benki peke yake haiondoi ugonjwa. Fedha inayoshuka kutoka ofisini huonekana ni hela ya serikali. Haikuwekwa na jirani, na asiyeilipa haoni anayemuumiza.

Kwa hiyo Mtwara ina akiba isiyo na ukubwa, na ina mikopo ya umma isiyo na akiba nyuma yake. Benki ya akiba ya umma ni chombo cha kuviunganisha viwili hivyo.

Wajerumani wanayo tangu zamani. Mji wa Göttingen ulianzisha benki ya akiba chini ya manispaa mwaka 1801, na leo benki za namna hiyo, Sparkasse, ni zaidi ya 300. Hazina wanahisa wa kugawana faida. Kila moja hufanya kazi katika eneo lake, hivyo amana ya wilaya humkopesha fundi wa wilaya ile ile. Jambo la tatu ndilo wengi hulisahau wanapoziiga: benki hizo zimefungamana, moja ikiyumba nyingine zinaishika. Karibu na kwetu, Rwanda ilianza mwaka 2008 mpango wa SACCOS moja kwa kila tarafa, inayoitwa Umurenge SACCO, zikafika 416, na baadaye ikaamua kuziunganisha katika ngazi ya wilaya.

Tanzania nayo imejaribu. Dar es Salaam, halmashauri za jiji zilianzisha benki ya wananchi mwaka 2002, ambayo leo ni DCB, benki ya biashara. Mikoani hali ilikuwa ngumu zaidi. Mei 2017 Benki Kuu iliifunga Benki ya Wananchi Mbinga, katika wilaya ya kahawa. Januari 2018 zikafuata tano kwa mpigo, zikiwemo za Njombe na Meru, kwa upungufu wa mtaji. Kiwango cha chini kilikuwa shilingi bilioni 2. Wenye amana walilipwa na Bodi ya Bima ya Amana, kisichozidi shilingi milioni 1.5 kila mmoja kwa wakati ule. Waliokuwa na zaidi walibaki kusubiri ufilisi. Benki ya Wananchi Tandahimba, TACOBA, iliponea chupuchupu: ilipewa miezi sita kutafuta mtaji.

Wilaya moja, zao moja, benki moja: hapo bei ikianguka, wakopaji wote wanaanguka siku moja. Mwaka 2018 Kusini ililiona hilo kwa macho yake, minada ilipokwama na serikali ikaamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Tatizo halikuwa wazo la benki ya karibu. Benki hizo ziliachwa kila moja kivyake, bila mwenzake wa kuishika mkono.

Aprili 2025 ilizinduliwa Benki ya Ushirika Tanzania, Coop Bank, iliyozaliwa na TACOBA na Benki ya Ushirika Kilimanjaro, ambayo vyama vya ushirika vinamiliki asilimia 51, na Mtwara imepata tawi. Mfungamano, basi, umepatikana. Kilichobaki ni madaraka ya tawi. Kamati ya mikopo iliyoko Mtwara iweze kuidhinisha mkopo wa Mei unaolipwa Desemba baada ya mnada, na wa pweza unaolipwa kwa bamvua. Ikubali kitabu cha kikoba chenye mihuri ya miaka mitatu kama ushahidi wa uaminifu, kwa uzito ule ule wa hati ya kiwanja. Asilimia 10 za halmashauri ziwekwe humo kama dhamana ya hasara, badala ya kugawiwa mkononi. Na haya yakamilike kabla ya Mei, kabla kangomba hajaanza mizunguko yake.