Je, Wajua? Mashimo 18 ya Gofu, Kuanzia Lugalo Mpaka Mwezini

Wewe unayepanda daladala ya Mwenge kwenda Tegeta kila siku, umewahi kuambiwa kwamba jirani na njia yako kuna uwanja wa gofu? Basi leo tunacheza wote, mimi na wewe, shimo moja baada ya jingine mpaka yatimie 18. Kila shimo lina ajabu yake. Huhitaji fimbo wala mpira. Twende!

Shimo la 1
Je, wajua kwamba Kinondoni ina uwanja wa gofu uliomo ndani ya kambi ya jeshi? Ni uwanja wa Lugalo, una mashimo 18, nao ni wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Raia wanacheza humo bega kwa bega na maofisa, na watoto nao wanafundishwa. Kuyamaliza mashimo yote 18 ya uwanja wa kawaida ni kutembea kilomita 8 au zaidi. Nani kasema gofu si mazoezi?

Shimo la 2
Na hilo jina la Lugalo, unajua limebeba nini? Tarehe 17 Agosti 1891, mahali paitwapo Lugalo mkoani Iringa, mashujaa wa Mkwawa walikivamia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski. Wahehe wakashinda, na Zelewski mwenyewe akafia hapo hapo. Anayecheza Lugalo anacheza chini ya jina la ushindi!

Shimo la 3
Sikia hii. Mwaka 1457, Bunge la Uskoti chini ya Mfalme James wa Pili lilipiga marufuku gofu, pamoja na mpira wa miguu. Kisa? Vijana walinogewa na michezo wakaacha kujifunza upinde na mshale, na vita vilikuwa mlangoni. Zamani zile gofu ilihesabiwa adui wa jeshi, na leo jeshi letu ndilo lenye uwanja. Dunia inazunguka, ndugu yangu!

Shimo la 4
Je, wajua kwamba shimo la gofu lina upana wa milimita 108 tu, popote uendapo duniani? Lugalo ni hivyo hivyo, Nairobi ni hivyo hivyo, Marekani ni hivyo hivyo. Chombo kongwe kinachojulikana cha kukatia shimo la kipimo hicho kilitumika Musselburgh, Uskoti, tangu mwaka 1829. Karibu miaka 200, na kipimo hakijaongezeka hata nywele!

Shimo la 5
Hebu ushike mpira wa gofu mkononi, uuzungushe taratibu. Kipenyo chake hakipungui milimita 42.67, na uzito hauzidi gramu 45.93, yaani ni mwepesi kuliko yai la kuku. Sasa pitisha kidole juu yake: unavigusa vile vibonyeo? Kwa kawaida viko kati ya 300 na 500. Hivyo si urembo! Ukivifuta mpira ukabaki laini, utakwenda karibu nusu tu ya safari yake.

Shimo la 6
Unadhani mpira wa kale ulikuwa wa nini? Wa manyoya! Fundi alichukua manyoya ya bata bukini ya kujaza kofia ndefu, akayachemsha, akayashindilia ndani ya kifuko cha ngozi kilicholowa. Ngozi ikikauka inasinyaa, manyoya yakikauka yanatanuka, mpira unakuwa mgumu kama jiwe. Kuanzia mwaka 1848 ikaja mipira ya utomvu wa miti ya Asia. Wachezaji wakashangaa kuona mipira iliyochubuka inaruka mbali kuliko mipya, na hapo ndipo safari ya vile vibonyeo ilipoanza.

Shimo la 7
Kile kijiti cha mbao cha kuwekea mpira kabla ya kuupiga, je, wajua nani alikisajili Marekani? Mtu mweusi! Dakta George Franklin Grant, daktari wa meno, mwana wa wazazi waliowahi kuwa watumwa, alipata hati ya uvumbuzi wake tarehe 12 Desemba 1899. Alikuwa pia Mmarekani mweusi wa kwanza kufundisha Chuo Kikuu cha Harvard akiwa profesa. Kabla ya kijiti, watu walichota mchanga uliolowa wakafinyanga kichuguu, wakauweka mpira juu yake.

Shimo la 8
Mtazame kedi, mbeba begi la mchezaji, anavyofanya kazi. Begi begani, taulo yenye ncha iliyolowa inaning'inia, macho yameganda kwenye mpira tangu unapopigwa hadi unapotua. Humo begini haziruhusiwi fimbo zaidi ya 14. Na mpira ukipotelea majanini, mna dakika 3 tu za kuutafuta, maana mwaka 2019 sheria ilizipunguza kutoka 5. Ndiyo maana macho ya kedi ni mali! Wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa Afrika Mashariki walianza hivyo hivyo, kwa kubeba mabegi ya wenzao.

Shimo la 9
Hapa shikilia kofia yako! Klabu ya gofu ya Jinja, Uganda, iko kando ya mto Nile unapoanza safari yake kutoka ziwani. Zamani viboko walikuwa wanapanda usiku kula nyasi za uwanja na kuacha alama za miguu kila mahali. Klabu ikatunga kanuni yake: mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko, uokote kwa mkono, hakuna adhabu. Wapi kwingine duniani utaisikia sheria kama hiyo?

Tumefika nusu, msomaji. Kunywa maji, tuendelee.

Shimo la 10
Je, wajua kwamba unaweza kucheza gofu katikati ya miwa? Nenda Moshi, kwenye shamba la sukari la TPC. Unataka majani ya chai? Uwanja uko Mufindi, kwenye ukungu na baridi ya nyanda za juu. Na kahawa je? Vuka mpaka hadi Nairobi: klabu ya Karen, iliyofunguliwa mwaka 1937, iko kwenye ardhi iliyokuwa shamba la kahawa la Karen Blixen. Sukari, chai na kahawa, vyote viko mezani!

Shimo la 11
Umeshapita Mnazi Mmoja, Unguja, pale kwenye uwazi unaotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo? Enzi za Waingereza, hapo palikuwa na uwanja wa gofu! Leo ukitaka kucheza Unguja unakwenda Kama, kaskazini ya mji, kwenye uwanja wa mashimo 9 ulio juu ya mwamba wa pwani. Piga ovyo uone: bahari iko pale pale inakusubiri.

Shimo la 12
Mtu mmoja, mambo matatu. David Jones wa Ireland ya Kaskazini alishinda mashindano ya Kenya Open mwaka 1989. Kisha akarudi Afrika Mashariki kama mchoraji wa viwanja: akachora ule wa mibuyu pale Vipingo, Kilifi, na ule wa Kili Golf karibu na Usa River, kati ya Kilimanjaro na Meru. Alikuja kuchukua kombe, akatuachia mashimo 36! Na hapo Usa River, inua macho siku hakuna mawingu: mlima mrefu kuliko yote Afrika uko mbele yako.

Shimo la 13
Kenya Open ilianza mwaka 1967. Mwaka 1978, kombe lilibebwa na kijana wa Hispania aitwaye Seve Ballesteros. Unajua alijifunzia wapi? Utotoni alikuwa akipiga mpira kwenye mchanga wa ufukwe wa kijijini kwao, Pedreña, na kwa muda mrefu fimbo yake ilikuwa moja tu, ya chuma namba 3. Mwaka mmoja baada ya kombe hilo la Kenya, yaani 1979, alitwaa The Open, mashindano makongwe kuliko yote ya gofu. Watoto wa Kawe na Kigamboni, mchanga mnao!

Shimo la 14
Ndugu zetu wa Oman walicheza gofu miaka mingi bila jani hata moja la nyasi. Uwanja mzima ulikuwa mchanga! Mchezaji alitembea na kipande cha zulia la nyasi bandia: mpira ukitua, anatandika zulia, anauweka juu, anapiga, anakunja, anaondoka. Dubai ilipofungua uwanja wa Emirates mwaka 1988, ndio ulikuwa wa kwanza wa nyasi katika eneo lote la Ghuba. Sisi wa Dar mvua ikinyesha nyasi zinaota zenyewe. Tushukuru!

Shimo la 15
Sasa tukanyage uwanja ulio mama wa vyote: Old Course, mjini St Andrews, Uskoti. Huko ndiko ilikotoka hesabu ya 18, kwani mwaka 1764 mashimo 22 yalipunguzwa yakawa 18, na dunia nzima ikafuata. Mashimo 14 kati ya hayo, mawili mawili, yanatumia uga mmoja wa kumalizia. La 2 liko na la 16, la 3 na la 15, la 4 na la 14, la 5 na la 13. Jumlisha mwenyewe kila jozi. Umeona? Ni 18 kila mara!

Na bado. Kwa kawaida Jumapili uwanja huo hufungwa kwa wachezaji. Wenyeji wanatembea juu yake na watoto na mbwa wao, maana ni ardhi ya mji, si ya matajiri.

Shimo la 16
Je, wajua habari ya Papwa Sewgolum? Alikuwa kedi wa Durban mwenye asili ya Kihindi, tena alishika fimbo kinyume: mkono wa kushoto chini, wa kulia juu. Kwa mtindo huo huo alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mara 3: mwaka 1959, 1960 na 1964. Mwaka 1963 akalitwaa taji la Natal nyumbani kwao. Lakini sheria za makaburu hazikumruhusu kuingia kwenye jengo la klabu, akakabidhiwa kombe nje, mvua ikimnyeshea. Unajua alifanya nini? Mwaka 1965 akarudi akalishinda tena taji lile lile, na miongoni mwa aliowaacha nyuma alikuwamo Gary Player mkubwa mwenyewe!

Shimo la 17
Tazama juu, rafiki. Mwezini kuna mipira miwili ya gofu! Tarehe 6 Februari 1971, mwanaanga Alan Shepard alichomoa kichwa cha fimbo ya chuma namba 6 alichokibeba kutoka duniani, akakichomeka kwenye mpini wa chombo cha kuchotea udongo, akapiga kwa mkono mmoja kwa sababu suti haikupinda. Alijisifu kwamba mpira wa pili umekwenda maili na maili. Miaka 50 baadaye picha zikachunguzwa upya, zikaonyesha ulikwenda kama mita 37 tu. Mita 37, lakini mwezini! Nani mwingine anayo?

Shimo la 18
La mwisho, na hili nalipenda kuliko yote. Klabu kuu ya St Andrews iliyoanzishwa mwaka 1754 haikuwa na mwanachama mwanamke mpaka kura ilipopigwa mwaka 2014. Miaka 260! Hapa kwetu, akina mama wana chama chao cha gofu cha taifa, na Madina Iddi wa Arusha amekwishabeba makombe ya wanawake hata nje ya mipaka yetu.

Ongeza na hili. Mwaka 2024 yalianza mashindano ya Lina PG Tour, yanayozunguka viwanja vya nchi hii. Wachezaji wa kulipwa, wanaume wenye misuli yao, wanatoka jasho kugombea heshima yenye jina la Lina Nkya, mwanamke aliyeichezea gofu Tanzania na kuipigania maisha yake yote. Umesikia, binti wa Temeke? Umesikia, binti wa Tandale? Njia imeshafyekwa na wanawake wenzako. Iliyobaki ni fimbo ya kwanza, na hiyo ni zamu yako kuishika!