MALI ILIYOACHWA KWAKO SI MALI YAKO

Kikundi kifanye nini mwenye mzigo asiporudi?

Vikundi vingi hapa Kisii na Nyamira siku hizi vina chumba. Vingine vimejenga stoo karibu na soko, vingine vimekodi duka la nyuma pale Keroka, Kebirigo au Suneka. Watu huleta magunia ya mahindi, cherehani, vinyago vya mawe kutoka Tabaka, hata pikipiki mbovu, na kikundi hupata senti kidogo za ulinzi. Ni kazi nzuri.

Shida huanza pale mtu anaposema, "Niwekeeni wiki mbili tu," halafu anapotea. Wiki mbili zinakuwa miezi sita. Simu haiingii. Kodi ya chumba inaendelea kulipwa na wanachama. Ndipo katika mkutano mmoja wao anasimama na kusema, "Huyu ameshatupa mali yake. Tuuze, tugawane." Wengi hupiga makofi. Tunaomba kabla ya kupiga makofi tuelewane kwanza juu ya sheria.

Mali bado ni ya nani?

Mali ni ya mwenyewe. Kukaa muda mrefu kwenye stoo yenu hakuifanyi iwe yenu. Haki yenu ni malipo yenu: ada ya kuweka mliyopatana, au gharama ya kutengeneza kama ninyi ni mafundi. Fundi aliyetengeneza kitu anaweza kukizuia mpaka alipwe kazi yake. Lakini kuzuia si kuuza. Ukiuza kiholela, mwenyewe anaweza kukupeleka kortini akidai thamani yote ya kitu chake, na anaweza pia kukushtaki polisi kwamba umeiba.

Na mkiwa mmekishika, mna wajibu wa kukitunza vizuri. Mahindi yakinyeshewa kwa sababu hamkuziba bati, ninyi ndio mtaulizwa. Msikitumie pia. Pikipiki iliyoletwa kulindwa isionekane ikibeba abiria.

Sheria inasema nini?

Kenya ina sheria ya kuuza mali isiyochukuliwa na wenyewe. Ni Sura ya 38 ya Sheria za Kenya. Inawahusu watu waliopokea mali ya wengine kwa kazi yao, iwe ni kuiweka au kuitengeneza, kama vile gereji na stoo. Ukifungua Kenya Gazette, gazeti rasmi la serikali linalotoka kila Ijumaa, utakuta matangazo ya sheria hiyo. Mara nyingi husema hivi: mwenye gari namba fulani, lililoachwa mahali fulani, anapewa siku 30 tangu tangazo litoke alipe ada na alichukue. Asipokuja, litauzwa. Pesa za mauzo zitalipa deni kwanza. Zikibaki, ni za mwenye mali. Zikipungua, yeye bado anadaiwa.

Hebu tufanye hesabu ndogo ya mfano. Tuseme ada ni shilingi 300 kwa mwezi, na mzigo umekaa miezi 10. Deni ni shilingi 3,000. Gharama za tangazo na mnada tuseme ni shilingi 4,000. Kitu kikiuzwa shilingi 9,000, kikundi hakichukui zote. Shilingi 2,000 zinazobaki ni za mwenyewe, na ziwekwe kwa jina lake mpaka aje.

Jambo hili haliko kwetu tu. Wenye watoto kule Minnesota, Marekani, huenda wamesikia kwamba watu huko hukodi vyumba vya kuwekea vitu vya nyumbani, na asiyelipa vitu vyake hupigwa mnada. Huko pia sheria inataka mwenye mali apewe notisi kwanza.

Hatua za kufuata

1. Mtafuteni mwenyewe. Pigeni simu, tumeni ujumbe, ulizeni kwao. Andikeni tarehe ya kila jaribio.

2. Mwandikieni barua. Itaje kitu chenyewe, deni, na siku ya mwisho ya kukichukua. Bakini na nakala iliyotiwa sahihi na aliyepokea.

3. Pitieni kwa chifu au naibu wake. Mara nyingi jambo huisha hapo, kwa mtu kulipa kidogo kidogo. Chifu ni mpatanishi. Hana mamlaka ya kuwapa ruhusa ya kuuza.

4. Ikishindikana, muoneni wakili au ofisi ya korti kabla ya kuuza. Korti ziko Kisii, Nyamira, Keroka na Ogembo. Tangazo na mnada vifanywe kwa utaratibu wa sheria, na dalali awe na leseni. Sheria ya madalali ni ya mwaka 1996.

Mtasema gharama ya hatua ya nne inaweza kupita bei ya magunia mawili. Ni kweli. Kama mnachotaka ni deni tu, iko njia ya Korti ya Madai Madogo, iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 2016. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mtu anaweza kujisimamia bila wakili.

Boda boda zilizoko kituo cha polisi

Vijana wetu wengi wana pikipiki zilizoshikwa na polisi, nao wakaogopa kuzifuata. Jueni kwamba polisi nao huomba amri ya korti, hutangaza, na baada ya siku 30 pikipiki hupigwa mnada. Kwa hiyo asiyefuata yake anaipoteza. Nenda na kitambulisho na karatasi za pikipiki, uliza kesi imefika wapi, na ukilipa chochote dai risiti.

Nyumba za kukodisha

Mpangaji akihama usiku na kuacha kitanda na sufuria, mwenye nyumba asiviuze jirani. Kudai kodi kwa kukamata vitu kuna sheria yake, Sura ya 293, na kazi hiyo hufanywa na dalali mwenye leseni. Kwa wapangaji wanaolindwa na sheria, ruhusa ya baraza la kesi za kodi hutakiwa kwanza.

Kama mwenye mali amefariki

Hapa tunaomba muwe waangalifu zaidi. Wakati mwingine mtu hakupotea. Amekufa, na cherehani ile ndiyo riziki iliyobaki kwa mjane na watoto. Sheria ya urithi, Sura ya 160, inakataza mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Ulizeni ukoo, na ulizeni kwa chifu. Msimkabidhi shemeji mali kwa sababu tu amekuja na sauti kubwa. Anayestahili ni yule aliyepewa na korti barua ya kusimamia mali ya marehemu.

Kinga iko kwenye daftari

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kila mzigo ukiingia, andikeni:

- jina, namba ya kitambulisho na simu ya mwenyewe;
- jina na simu ya mtu wa pili wa kuulizwa;
- ni kitu gani, kiasi gani, hali yake, na picha kama simu ipo;
- ada ya kila mwezi na tarehe ya kuchukua;
- kitakachofanyika asipokuja.

Kwa vitu vinavyooza, kama mahindi na maharagwe, mwenyewe aandike kabisa kwamba yakianza kuharibika kikundi kina ruhusa ya kuuza na kumwekea pesa zake. Wote watie sahihi, na kila upande ubaki na nakala. Kazi hii haimalizi dakika 10, na huzuia ugomvi wa miaka.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Katika stoo yetu sasa kuna vitu gani ambavyo wenyewe hawajaja? Je, tunajua ni vya nani?

2. Katiba ya kikundi chetu inasema nini juu ya mali ya watu tunayolinda?

3. Nani kati yetu atashika daftari, na nani atalikagua kila mwezi?

Tunashauri mkutano ujao uanzie na swali la kwanza. Fungueni stoo, hesabuni pamoja, na mpige simu kabla ya kufunga mkutano.