Utawala Uliopigwa Chapa Katika Shaba: Medali za Louis XIV

Medali ya kumbukumbu, tofauti na nishani ambayo huvaliwa kifuani na aliyetunukiwa, ni kipande cha dhahabu, fedha au shaba kinachotengenezwa ili kuhifadhi habari za tukio, na ni vigumu kumpata mfalme wa Ulaya aliyeitumia kwa mpango kama Louis XIV wa Ufaransa, aliyerithi kiti cha ufalme mwaka 1643 akiwa na umri wa miaka minne na kutawala hadi kifo chake mwaka 1715.

Mwaka 1663 waziri wake, Colbert, aliunda jopo dogo la wasomi, ambalo baadaye washairi Racine na Boileau walijiunga nalo, likakabidhiwa kazi ya kutunga maandishi ya Kilatini ya kumsifu mfalme, tena yawe mafupi, kwani duara lenye upana wa takriban milimita 41 halina nafasi ya porojo. Mchoro ulipokubaliwa, fundi aliuchonga kinyumenyume katika mhuri wa chuma kigumu, kisha mashine ya skrubu ikaugandamiza mhuri huo juu ya madini, uso wa mbele ukapata sura ya mfalme na wa nyuma ukapata tukio lenyewe.

Matunda ya kazi hiyo yalikusanywa mwaka 1702 katika kitabu kikubwa chenye medali 286, na hapo ndipo ujanja wake unapoonekana, maana nyingi zilichongwa upya miongo kadhaa baada ya matukio, huku sura ya mfalme ikirudishwa kwenye umri aliokuwa nao wakati huo, hata mtazamaji akadhani medali na tukio ni vya siku moja.

Hesabu nazo hazikusalimika. Baada ya mfalme kufuta Amri ya Nantes mwaka 1685, yaani sheria iliyowapa Waprotestanti uhuru wa kuabudu, medali moja ilitangaza kwamba Waprotestanti wafuasi wa Calvin milioni mbili wamerejeshwa Kanisani, ilhali wanahistoria hukadiria kuwa Waprotestanti wote wa Ufaransa hawakufika hata milioni moja, na baadhi yao walikimbilia Uholanzi, Uingereza na nchi za Wajerumani.

Kwa kuwa kiwanda cha sarafu cha Paris kiliendelea kutoa nakala za medali hizi, mnunuzi makini huanza kwa kuutazama ukingo, ambao katika nakala zilizotolewa tangu mwaka 1880 hugongwa alama ya pembe iliyojaa matunda pamoja na jina la madini.