Majivu ya volkano: Ndege zikisimama, hasara humwangukia nani?

Mfanyabiashara anayesafirisha bidhaa kwa ndege huhofia bei ya mafuta, thamani ya shilingi na ushuru wa forodha. Ni wachache wanaoingiza volkano katika hesabu zao. Hata hivyo, Aprili 2010 mlima mmoja wa Iceland, ulio maelfu ya kilomita kutoka Naivasha, uliwafanya wakulima wa maua wa Kenya watupe mali yao kwa tani. Hapakuwa na ukame, mgomo wala ugonjwa wa mimea, na wanunuzi wa Ulaya walikuwa wakiyahitaji maua hayo.

Mlima huo, Eyjafjallajökull, ulianza kutoa lava Machi 20 bila kuwasumbua sana wasafiri. Balaa lilianza Aprili 14 ulipolipuka chini ya barafu. Maji ya barafu iliyoyeyuka yalikutana na uji wa mwamba wa moto, uji ukapasuka na kuwa chembe laini mno, na upepo wa siku zile ulikuwa ukivuma kuelekea Ulaya. Kuanzia Aprili 15 anga ya Uingereza ilifungwa, ikifuatiwa na sehemu kubwa ya kaskazini mwa Ulaya. Kwa muda wa siku sita hivi, safari zipatazo 100,000 zilifutwa na abiria wapatao milioni 10 waliathirika.

Majivu haya si kama yale ya jikoni. Ni vipande vidogo vya mwamba na kioo. Vikiingia ndani ya injini ya ndege, ambako joto huzidi nyuzi 1,400, huyeyuka, kisha huganda upya katika sehemu zenye joto pungufu na kuziba njia ya hewa. Injini hukosa pumzi na kuzimika. Aidha, hukwaruza kioo cha mbele hadi rubani asione, na rada ya hali ya hewa iliyomo ndani ya ndege haiwezi kuyatambua.

Hayo si mambo ya kufikirika. Juni 24, 1982 ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 iliingia katika majivu ya mlima Galunggung, kisiwani Java, na injini zake zote nne zikazimika. Ilielea kutoka futi 37,000 hadi kama futi 13,000 kabla ya injini kuwaka tena na ikatua Jakarta. Desemba 15, 1989 ndege ya KLM ilipatwa na masaibu kama hayo katika majivu ya mlima Redoubt, Alaska. Nayo ilitua salama, lakini gharama ya kuitengeneza ilikadiriwa kufikia dola milioni 80 za Marekani. Ilikuwa ndege mpya.

Baada ya matukio hayo kanuni ikawa fupi: penye majivu ndege isipite, yawe mengi au kidogo. Kanuni hiyo ilifaa katika anga zenye ndege chache. Ilipofikishwa juu ya London, Frankfurt na Amsterdam, ilifunga soko zima. Mashirika ya ndege yalilalamika, watengenezaji wa injini wakaketi na wasimamizi wa usafiri wa anga, na Aprili 20 Uingereza ikakubali kipimo: ndege zingeweza kuruka mahali ambapo majivu hayazidi miligramu 2 katika mita moja ya ujazo wa hewa. Mwezi uliofuata kikaongezwa hadi miligramu 4 kwa masharti.

Mwekezaji anapaswa kuliangalia jambo hilo kwa makini. Mei 2011 mlima mwingine wa Iceland, Grímsvötn, ulilipuka kwa nguvu kubwa kuliko ule wa mwaka uliotangulia, lakini safari zilizofutwa zilikuwa kama 900 tu. Upepo ulisaidia, na kipimo kipya kilisaidia pia. Kwa hiyo anayetaka kukadiria hasara asiutazame moshi wa mlima peke yake, autazame na uamuzi wa wasimamizi wa anga.

Chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, IATA, kilisema Aprili 21, 2010 kwamba mashirika ya ndege yalikuwa yamepoteza mapato ya dola bilioni 1.7, na kwamba katika siku tatu mbaya zaidi upotevu ulifikia dola milioni 400 kwa siku. Wengi waliosoma tarakimu hizo walizichukua kama hasara halisi. Sivyo. Hayo ni mapato. Ndege iliyo chini hainywi mafuta, na IATA yenyewe ilieleza kuwa mashirika yaliokoa dola milioni 110 za mafuta kwa siku. Lakini mishahara, malipo ya mikopo ya ndege na hoteli za abiria waliokwama viliendelea kudai fedha. Mwenye hisa anayesikia habari za namna hii afanye kwanza kazi ya kutoa na kujumlisha kabla ya kumpigia wakala wake simu auze.

Ua halina subira

Kwa mwenye shamba hesabu ni ngumu zaidi, kwa sababu yeye hana cha kuokoa. Maua ya waridi hukatwa kila siku, uwanja wa ndege uwe wazi au umefungwa. Yasipokatwa huchanua na kuharibu mavuno yanayofuata. Yakikatwa huingia chumba cha baridi, na chumba kikijaa, ya zamani hutolewa na kutupwa. Taarifa za siku zile zilikadiria kwamba Kenya ilikuwa ikipoteza kiasi cha dola milioni 2 kwa siku, na vibarua wa mashambani na wa vyumba vya kufungashia waliambiwa wabaki nyumbani. Rais wa Benki ya Dunia wa wakati huo, Robert Zoellick, alisema huenda nchi za Afrika zilipoteza dola milioni 65.

Baadhi ya wasafirishaji walipata mlango wa pembeni. Anga ya Hispania ilikuwa wazi, hivyo shehena ilishushwa huko na kupakiwa kwenye malori hadi Uholanzi, kwenye mnada wa Aalsmeer. Gharama ilipanda na ua lilifika limechoka, lakini lilifika. Waliofaidika ni wale waliokuwa na wakala mwenye mikono mirefu na fedha taslimu ya kukodi ndege ya mizigo. Mkulima mdogo aliyezoea kupakia kwenye tumbo la ndege za abiria hakuwa na la kufanya, maana abiria wasiposafiri, nafasi ya mizigo nayo haipo. Wakulima wa Arusha waliozoea kupeleka maua Nairobi kupitia Namanga walikuwa katika foleni hiyo hiyo, na minofu ya sangara kutoka Ziwa Victoria inategemea ndege vilevile.

Nani basi alilipa? Kwa upande wa mizigo, mara nyingi ni mwenye mali. Masharti ya kawaida ya bima ya shehena yanayotumiwa na soko la London hayalipi hasara iliyosababishwa na ucheleweshaji, hata kama kilicholeta ucheleweshaji ni jambo lililokatiwa bima. Bima ya kusimama kwa biashara nayo kwa kawaida hudai kwanza uthibitisho kwamba mali imeharibika, kama vile ghala kuungua. Majivu yaliyo juu ya Ulaya hayajaunguza ghala la mtu. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, humbana msafirishaji kwa ucheleweshaji, ila humwachia akithibitisha kuwa alichukua kila hatua iliyowezekana. Anga ikifungwa kwa amri, hilo si gumu kulithibitisha.

Abiria ana nafuu kidogo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya 2004 haimpi fidia ikiwa sababu ni ya nje ya uwezo wa shirika, lakini humpa haki ya kurudishiwa nauli au kupangiwa safari nyingine, pamoja na chakula na malazi akiwa anasubiri. Januari 31, 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri dhidi ya Ryanair lililotokana na majivu yale yale, iliamua kwamba wajibu wa chakula na malazi hauna kikomo cha siku wala cha fedha. Shirika la nauli nafuu laweza kujikuta likilipa hoteli zaidi ya nauli lililopokea. Anayenunua hisa za mashirika ya aina hiyo aisome hukumu hiyo.

Isidhaniwe kuwa Iceland ndiyo hatari pekee. Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, ulirusha majivu kuanzia Septemba 2007 hadi 2008. Nabro wa Eritrea ulipolipuka Juni 2011, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Hillary Clinton, alikatiza ziara yake Addis Ababa. Novemba 23, 2025 ilikuwa zamu ya Hayli Gubbi, katika jimbo la Afar, Ethiopia. Majivu yake yalivuka Bahari ya Shamu, yakapita Yemen na Oman hadi kaskazini mwa India, ambako Air India ilifuta baadhi ya safari. Njia hiyo ndiyo wanayoitumia wafanyabiashara wetu wanaofuata bidhaa Dubai na Mumbai.

Kwa sehemu kubwa ya Afrika, tahadhari za majivu hutolewa na kituo cha Toulouse, Ufaransa, kimojawapo kati ya vituo tisa vya dunia, na tahadhari hizo ni za wazi kwa yeyote. Kuhusu bima, nyongeza ya ucheleweshaji huweza kuombwa kwa mazungumzo na kwa ada ya ziada, ila iombwe kabla mlima haujaanza kufuka. Wakulima wa maua wa Kenya siku hizi hupeleka sehemu ya mali yao kwa meli kutoka Mombasa katika makontena ya baridi, safari ya majuma kadhaa. Lakini tangu mwishoni mwa 2023, kwa sababu ya mashambulizi katika Bahari ya Shamu, meli nyingi zililazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na ua lililokuwa limekimbia majivu likaongezewa siku nyingine njiani.