Nyota za Kichina na Nyota za Kizungu: Zipi Zamjua Mtoto wa Kisesa?

Ndugu msomaji, ukiulizwa leo, "Wewe ni nyota gani?" utajibu nini? Vijana wengi wa hapa Kisesa wanalo jibu tayari. Mmoja asema yeye ni Simba, mwingine ni Nge, wa tatu ni Mizani. Zamani mambo haya yalisomwa katika magazeti ya mjini, au yalisikika redioni kwa sauti ya hayati Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, mnajimu aliyejulikana Afrika Mashariki nzima, aliyefariki mwezi wa Mei 2011. Sasa yamo ndani ya simu. Tena zimeingia nyota nyingine, za Kichina. Kijana yule yule aliyekuwa Simba jana, leo aambiwa kwamba yeye pia ni Panya, au Joka, au Nguruwe.

Si ajabu. Wachina si wageni tena katika Kanda ya Ziwa. Makampuni yao ndiyo yaliyojenga daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Watu wakifanya kazi pamoja huulizana habari za kwao. Basi yafaa nasi tuzifahamu hesabu hizi mbili na kuzilinganisha, kisha tujiulize: zina faida gani, na zina hatari gani katika nyumba zetu?

HESABU YA MIEZI

Tuanze na nyota tunazoziita za Kizungu. Kwa kweli asili yake si Ulaya. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, wataalamu wa Babeli, katika nchi ya Iraki ya leo, waliigawa njia ya jua mbinguni katika sehemu 12 zilizo sawa. Wagiriki walizipokea hesabu hizo, na katika karne ya 2 Ptolemy, aliyekaa Alexandria katika Misri, aliziandika kitabuni. Waarabu nao walizichukua, wakazifikisha pwani yetu. Ndiyo maana wazee wa pwani wanazo kwa majina ya Kiarabu: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akarabu, Kausi, Jadi, Dalu na Hutu. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku ni Kondoo Dume, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki.

Hesabu hii huanza yapata tarehe 21 Machi, na kila nyota hushika karibu mwezi mmoja. Linalotazamwa ni siku na mwezi wa kuzaliwa. Babu aliyezaliwa tarehe 5 Mei na mjukuu aliyezaliwa tarehe 5 Mei wote wawili ni Ng'ombe, ingawa wamepishana miaka 60.

HESABU YA MIAKA

Wachina wao hutazama mwaka. Wanao wanyama 12, nao hufuatana hivi: panya, ng'ombe, chui milia, sungura, joka, nyoka, farasi, mbuzi (wengine husema kondoo), nyani, jogoo, mbwa na nguruwe. Kila mnyama hutawala mwaka mmoja, na baada ya miaka 12 hurudi tena.

Lakini mwaka wao hauanzi tarehe 1 Januari. Huanza mwezi unapoandama, kati ya 21 Januari na 20 Februari. Mwaka wa Nyoka ulianza tarehe 29 Januari 2025, na mwaka wa Farasi unaoufuata una tarehe 17 Februari 2026. Mtoto aliyezaliwa tarehe 10 Januari 2025, kwa Wachina bado ni Joka. Tena kila mwaka hupewa kimoja cha vitu vitano: mti, moto, udongo, chuma au maji. Kwa hiyo Farasi wa Moto hurudi mara moja tu katika miaka 60. Nyota za Kizungu nazo hugawiwa vitu, lakini ni vinne: moto, udongo, hewa na maji.

Waona, msomaji, kwamba kila taifa hutunga orodha kwa wanyama wake na kwa macho yake. Wavietnamu walioipokea hesabu hii ya Kichina wana paka mahali pa sungura, na nyati mahali pa ng'ombe. Joka kwa Wachina ni mnyama wa heri, mleta mvua. Kwetu sisi tusomao kitabu cha Ufunuo, sura ya 12, joka ni yule adui. Nyoka naye huogopwa na wengi, lakini Msukuma aliyewaona Bayeye wakicheza na chatu hamtazami kama Mchina wala kama Mzungu amtazamavyo. Mwenye kupata heshima katika orodha zote mbili ni ng'ombe, na hapo Wasukuma tutafurahi!

PANYA ALIYETAKA KUMWOA FARASI

Sasa sikiliza hatari yake. Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni vitabu vya Ubatizo na vya Ndoa. Siku moja alikuja kijana kuomba nimsomee tarehe ya kuzaliwa ya mchumba wake. Mahari ilikwisha kupelekwa, na ndoa ilikuwa imetangazwa kanisani Jumapili mbili. Nikamwuliza sababu. Akasema, "Karani, nimeambiwa hatupatani kwa nyota. Mimi ni Panya, na ati yeye ni Farasi. Nataka kuhakikisha kabla ya tangazo la tatu."

Ni kweli kwamba kwa wanajimu wa Kichina Panya na Farasi ni wapinzani. Kijana alizaliwa Septemba 1996, mwaka wa Panya. Binti alizaliwa Mei 2002, mwaka wa Farasi. Lakini nilimwomba aitazame na ile hesabu nyingine. Kwa Wazungu yeye ni Mashuke, na binti ni Ng'ombe. Zote mbili ni nyota za udongo, na wanajimu wa Kizungu husema zapatana sana! Nikamwuliza, "Sasa utamwacha kwa amri ya Wachina, au utamwoa kwa ruhusa ya Wazungu?" Alinyamaza kitambo. Kisha nikamwuliza maswali yaliyo yake: Binti yu mkweli? Huheshimu wazazi? Mmekwisha kuzungumza habari za shamba, za watoto, za madeni? Akajibu moja moja, tena kwa furaha. Jumapili iliyofuata ndoa ilitangazwa mara ya tatu.

Msomaji, wala si sisi wa kwanza kuona shaka. Huko huko China, katika karne ya 1, mtaalamu mmoja jina lake Wang Chong aliuliza juu ya wanyama hao hao. Alisema: Panya huhesabiwa kuwa wa maji, na farasi wa moto. Ikiwa maji huushinda moto, mbona panya hawawafukuzi farasi? Tena jogoo ni wa chuma, na sungura ni wa mti. Mbona jogoo hamli sungura? Hata mkulima asiyesoma aweza kulijibu swali hilo kwa kutazama ua wake.

DARASA LA MAJOGOO

Nilisomea ualimu kabla ya kushika kazi hii, basi niruhusu nitoe mfano wa shuleni. Watoto wote waliozaliwa kati ya 28 Januari 2017 na 15 Februari 2018 ni Majogoo kwa hesabu ya Kichina. Hao waliingia darasa la kwanza karibu wote pamoja. Je, mwalimu aliwakuta wana tabia moja? Ingia darasa lolote: yuko mpole na yuko mkorofi, yuko mwepesi wa hesabu na yuko mpenda kuimba.

Mtu atasema, "Basi tutumie ya Kizungu, itazamayo mwezi." Haya, tutazame Kulwa na Doto. Mapacha hao wana mwaka mmoja, mwezi mmoja na siku moja. Kwa hesabu zote mbili wao ni sawa. Lakini mama yao atakuambia kwamba tangu mgongoni mmoja alikuwa mlizi na mwenzake mtulivu. Esau na Yakobo walikuwa mapacha, na twajua jinsi njia zao zilivyoachana.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 huko Tagaste, katika Aljeria ya leo, aliwaamini wanajimu katika ujana wake. Mojawapo ya mambo yaliyomfungua macho ni habari ya rafiki yake Firminus. Saa ile ile alipozaliwa Firminus katika nyumba ya tajiri, mtumwa mmoja wa kike alijifungua mtoto katika nyumba ya rafiki wa baba yake. Nyota zao zilikuwa moja kabisa. Lakini Firminus alikua katika mali na heshima, na yule mwenzake alibaki mtumwa. Kilichowatenga kilikuwa nyumba waliyozaliwa na desturi za watu, wala si nyota.

IMANI HII IMEGHARIMU UHAI

Pengine wasema, "Ni mchezo tu, hauna madhara." Sikiliza mambo mawili.

La kwanza ni la Beijing. Padre Johann Adam Schall von Bell, Myezuiti Mjerumani, alikuwa bingwa wa elimu ya nyota. Kalenda aliyoitengeneza ilikubaliwa na wafalme wa China mwaka 1645, naye akawekwa kuwa mkuu wa ofisi ya kalenda. Mwaka 1664 maadui zake walimshitaki. Mojawapo ya mashitaka ni kwamba maziko ya mtoto wa mfalme yalipangiwa saa ya nuksi. Mwaka uliofuata alihukumiwa kufa. Tetemeko la ardhi likawatisha wakuu, akaachiliwa. Lakini wataalamu watano Wakristo, Wachina, waliuawa. Padre alifariki mwaka 1666.

La pili ni la Japani, ambako hesabu ya wanyama 12 ilitoka China. Huko walisadiki kwamba mwanamke aliyezaliwa mwaka wa Farasi wa Moto humfupishia mumewe maisha. Mwaka 1966 ulikuwa wa Farasi wa Moto. Mwaka 1965 walikuwa wamezaliwa watoto wapatao 1,820,000. Mwaka 1966 walishuka hadi 1,360,000. Mwaka 1967 wakapanda tena hadi 1,940,000. Wazazi waliogopa kupata binti asiyeolewa. Na mwaka unaoanza tarehe 17 Februari 2026 ni huo huo, Farasi wa Moto. Ukisikia maneno hayo juu ya binti wa mtu, ujue yalikotoka, na usiyapokee.

KAZI NJEMA YA NYOTA

Je, tusizitazame nyota? La, tuzitazame! Kitabu cha Mwanzo chasema Mungu aliweka mianga mbinguni ili ionyeshe majira, siku na miaka. Wakulima wa zamani walikitazama Kilimia kujua wakati wa kulima, na jina lake latokana na kazi hiyo. Sikukuu ya Pasaka yenyewe hufuata mwezi: ni Jumapili baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake. Ndiyo maana mwaka 2025 ilikuwa 20 Aprili, na mwaka 2026 ni 5 Aprili. Sikukuu ya Ekaristi hufuata Pasaka; na ngoma za Bulabo pale Bujora, ambako Bagika na Bagalu hushindana, zilifungamana na sikukuu hiyo. Hata mchezaji ngoma wa Kisesa, basi, afuata mwezi bila kujua.

Hapo Wachina na Wazungu wametuzidi kwa ustadi, nasi twawasifu. Kalenda hutuambia leo ni siku gani. Haiwezi kutuambia huyu ni mtu gani. Katekisimu ya Kanisa, namba 2116, yatukataza kuziuliza nyota habari za maisha yetu, maana maisha hayo yamo mikononi mwa Mungu, naye alitupa hiari.

Wazee wetu walijua tofauti hiyo. Msukuma humwita mtoto Mbula, kwa kuwa alizaliwa katika mvua. Au Nzala, kwa kuwa ilikuwa njaa. Au Limi, kwa ajili ya jua. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, kwa Wazungu ni Kondoo Dume na kwa Wachina ni Mbwa. Lakini nyumbani aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa siku ile mvua ilinyesha. Jina la namna hii latukumbusha yaliyotokea siku ya kuzaliwa. Halimfungi mtoto. Wako akina Nzala wengi wenye maghala yaliyojaa.

Basi, baba na mama, mtoto akizaliwa iandikeni tarehe yake siku ile ile, pamoja na mwaka, wala msingoje. Itahitajiwa kliniki, katika Ubatizo, shuleni na katika cheti cha kuzaliwa. Wazee wengi huja ofisini hawana tarehe, nasi huhangaika kukisia. Tarehe iliyoandikwa vizuri ni mali ya mtoto maisha yake yote. Na siku atakapoleta mchumba nyumbani, mwulizeni habari za moyo wa mtu huyo na za kazi ya mikono yake. Mwaka wa Panya na mwaka wa Farasi waachieni wenye kalenda.