Haki ya Jirani Katika Masafa ya Simu

Kila simu ya mkononi inaporusha mawimbi huwa imekatiwa fungu lake la masafa, na sharti la kwanza la kupewa fungu hilo ni kutolivuka. Lakini amplifaya, kiungo kinachoyatia mawimbi nguvu kabla hayajafika kwenye antena, huelekea kulivunja sharti hilo, si kwa ubovu, bali kwa tabia yake ya asili.

Mawimbi dhaifu huyakuza kwa kadiri iliyo sawa, ila ikaribiapo ukomo wa nguvu zake hushindwa kuzifikia ncha za mawimbi, ikazikata. Na wimbi lililokatwa ncha huzaa masafa ambayo hayakuwamo. Mawimbi mawili, la megahezi 900 na la 901, yakipita pamoja katika amplifaya iliyolemewa, hutokea mengine ya 899 na 902, ambayo huangukia mkondo wa jirani, karibu mno hata kichujio kisiweze kuyatenga.

Kadhalika huzaliwa mawimbi ya mara mbili na mara tatu ya masafa ya asili. Marekani zimo simu za 4G zirushazo baina ya megahezi 777 na 787. Mara mbili ya 787 ni 1,574, ilhali ishara ya GPS, iliyodhoofika kwa safari ya kilomita 20,000 na zaidi, hupokewa katika 1,575.42. Basi asipohadhari fundi, simu huweza kujiziba yenyewe isijue mahali ilipo.

Dawa iliyo nyepesi ni kupunguza nguvu, kwani ukizipunguza kwa desibeli 1, yale masafa ya ubavuni hupungua kwa desibeli 3. Lakini amplifaya iendeshwayo mbali na ukomo wake hugeuza sehemu kubwa ya betri kuwa joto bure. Kwa ajili hiyo waliotunga 4G waliichagulia simu namna ya kurusha yenye ncha fupi, na katika minara mawimbi hupindwa kwa makusudi kabla ya kuingia katika amplifaya, kinyume cha upotofu wake, ili viwili hivyo vifutane.

Kanuni huiruhusu simu ya kawaida ya 4G kurusha miliwati 200, na katika mkondo wa jirani isimwage zaidi ya sehemu moja katika 1,000. Insafu hiyo yapasa itimizwe palepale mawimbi yanapotoka, maadamu uchafu ukishaingia katika masafa ya mwingine, hana kichujio cha kuutoa ila autoe pamoja na maneno anayoyangojea.